Unajua Mimi ni Nani?

Andiko la wiki: Kutoka 2:11 hadi 3:12. Soma pia Matendo 7:23-30.



Leo nitawaambia habari ya Musa, halafu nitawaambia habari yangu. Kuna jambo nililosema katika madhabahu hii ambalo lazima nilirekebishe.

Musa alilelewa katika nyumba ya Farao. Alisoma, alikula vizuri, alikuwa na watu wa kumtumikia. Alipofika miaka 40 alimwua Mmisri na kumfukia mchangani. Kesho yake akataka kuamua ugomvi wa Waebrania wawili, na mmoja akamwuliza ni nani aliyempa cheo juu yao. Musa akajua siri imetoka. Akaogopa, akakimbilia Midiani.

Waebrania 11 yasema kwamba Musa alikataa kwa imani kuitwa mwana wa binti Farao. Amina, ni kweli. Lakini Kutoka 2 haifichi kwamba alitoka mjini akiwa na hofu, na damu mkononi. Sisi tunapenda kushuhudia ile imani tu. Ile nyingine tunaifukia mchangani.

Sasa habari yangu. Nilifanya kazi Nairobi miaka 19, katika kampuni ya bima. Niliporudi hapa Bomet, kwenye ekari mbili za chai za mama yangu, nilisimama hapa nikasema Mungu ameniambia niache kazi nirudi nyumbani. Mlipiga makofi. Mama alilia kwa furaha.

Wapendwa, haikuwa hivyo. Cheo nilichokuwa nangojea alipewa kijana ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kazi. Usiku huo huo nikaandika barua ya kuacha kazi. Mke wangu sikumwambia. Mungu sikumwuliza. Niliandika barua kwa hasira yangu, halafu chini nikaweka sahihi ya Mungu.

Nilikuja na hesabu zangu kwenye kompyuta: kilo hizi, mara bei hii, mara miezi 12. Lakini ninyi mnajua chai. Unachuma majani mawili na chipukizi, na baada ya wiki moja au mbili lazima urudi kwenye mche ule ule. Ukichelewa, jani linakuwa gumu. Pesa ya mwezi ni kidogo, bonasi unaingoja mwaka mzima, na mvua ya mawe ya huku kwetu haimwulizi mtu amesoma mpaka wapi.

Siku moja nilichelewa kuchuma, kisha nikapeleka gunia kituoni hivyo hivyo. Karani, kijana mdogo, akaingiza mkono ndani, akatoa jani gumu, akalivunja. Akasema, "Mzee, haya siwezi kupima. Nenda ukachambue kwanza."

Akina mama walikuwa kwenye foleni wakitazama. Nikamwambia, "Unajua mimi ni nani?"

Nairobi maneno hayo yalinifungulia milango mingi. Pale kituoni watu walinyamaza tu. Kisha mama mmoja, ambaye yuko hapa leo na simtaji jina, akasema polepole, "Baba, mizani haimjui mtu."

Yake yalikuwa yamepimwa tayari. Angeweza kwenda nyumbani. Lakini alikaa chini pamoja nami, tukamwaga lile gunia, akaanza kuchambua. Mikono yake haikuhitaji macho. Nilimwuliza amechuma chai miaka mingapi, akasema tangu akiwa msichana. Nikanyamaza. Miaka yote niliyokuwa najiita mtu aliyefanikiwa, huyu mama alikuwa hapa, mvua na jua, akisomesha watoto kwa vidole vyake.

Jioni nikampigia mke wangu simu, nikamwambia ukweli wa ile barua. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Nilijua. Nilikuwa nangoja wewe useme."

Turudi kwa Musa. Midiani aliketi kisimani, na mabinti saba wakaja kuteka maji. Walikuwa na kazi yao kabla yeye hajafika Midiani. Kile alichokiona yeye kuwa jangwa, kwa wengine kilikuwa nyumbani. Akachunga kondoo, tena si wake, wa baba mkwe wake. Miaka 40! Na Mungu alipomwita katika kile kijiti cha moto, Musa aliuliza swali jipya: yeye ni nani hata aende kwa Farao?

Umeona? Mtu wa jumba la kifalme alitaka watu wamtambue. Mtu wa kondoo anamwuliza Mungu yeye ni nani. Naye Mungu hakumkumbusha elimu ya Misri. Alimwahidi kwamba atakuwa pamoja naye. Hilo ndilo jibu la kwanza alilopewa.

Kwa hiyo, wewe uliye ofisini na unataka kurudi mashambani: kurudi si dhambi, na kubaki si dhambi. Lakini omba kwanza, ongea na mwenzako wa ndoa, hasira ipoe. Usimtumie Mungu kama mhuri.

Wewe uliyerudi: shamba halikuokoi. Kiburi hupanda matatu pamoja na wewe Nairobi, na hushuka pamoja na wewe hapa Silibwet. Kubali kufundishwa.

Na wewe ambaye hukuondoka kamwe: usimwonee aibu Mungu kwa mikono yako. Sisi tuliorudi tunahitaji utuonyeshe kazi, na ukituona tumekosea, tuambie kama yule mama alivyoniambia.

Ule ushuhuda wangu wa kwanza naufuta leo. Naomba kanisa linisamehe. Mke wangu bado yuko Nairobi na watoto mpaka shule itakapoisha, na kuna mambo kati yetu tunayoyatengeneza. Tuombeeni.

Wiki hii kila mtu ajiulize: ni jambo gani nimelisema ni la Mungu, na lilikuwa langu?

Tuombe. Baba, tunatoa yale tuliyofukia mchangani. Utusamehe. Tukutane nawe pale pale tunapofanya kazi, na uwe pamoja nasi. Katika jina la Yesu. Amina.