Amekula Feza

Ukimwuliza mtoto wa mtaa wetu wa Mulekera, mjini Beni, maana ya kula, ataonyesha sahani ya bugali na sombe. Hakukosa. Lakini jioni ile ile baba yake atasema kwamba shoka lake halili tena, kwamba kutu imekula bati, kwamba mzee jirani amekula chumvi nyingi. Na wakulima waliokimbia mashamba yao ya kakao sababu ya mauaji yaliyoanza mwezi wa kumi 2014, wao wamekula hasara. Waingereza wanalo neno lao dogo, take, yaani kutwaa: wanatwaa chakula, wanatwaa kiapo, wanatwaa rushwa. Pale wanapotwaa wao, sisi tunakula.

Katika hayo yote, neno moja linatusumbua: amekula feza.

Tuseme mtunza feza wa likelemba. Akina mama wa soko wanamletea akiba yao kila juma. Siku ya kugawa, sanduku ni tupu. Mwizi wa kuku anapigwa njiani na kuitwa mwizi mbele ya watoto wake. Huyu, watu wanasema, "Amekula," na wengine wanacheka. Kwa nini? Kula ni haki ya kila mwenye tumbo, na nani atamlaumu mwenye njaa? Neno hili linamwazima mwizi njaa asiyo nayo. Pengine, tuseme kweli, tunasamehe upesi kwa kuwa tunangoja zamu yetu mezani.

Mzee mmoja atatujibu kwamba tumekosa: kula ni neno kali kupita kuiba. Aliyeiba mbuzi aweza kumrudisha. Aliyekwisha kumla, atarudisha nini? Na katika nyumba yenye chungu kimoja, kila mtoto anajua aibu ya kula peke yake. Hoja hii ina nguvu, wala hatuwezi kuitupa.

Lakini tukumbuke Ebola, iliyotangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2.287. Siku zile tulisema, "Wale wanakula Ebola." Wale gani? Mwuguzi aliyepokea mshahara wa haki kwa kazi ya hatari, na mtu wa kujaza orodha majina ya hewa, wote wawili tuliwaketisha kwenye sahani moja. Mmoja akapata udhuru, mwingine akapata matusi, tena matusi ya kuhatarisha maisha yake.

Mtunza feza wetu alikula kitu kingine kwanza: kiapo, mbele ya wanachama wote, siku ile walipompa ufunguo. Basi kwenye mkutano, mama mmoja asimame amwulize: "Uliiba ngapi?" Na mwandishi aliandike neno hilo kitabuni, kama lilivyosemwa.