Kisanduku Hakina Macho



Leo nina swali moja. Mtu akikuamini kabla hajakujua, huo ni ukarimu au ni uzembe? Najua wengi mtajibu haraka: uzembe! Mjini tumelelewa hivyo: funga geti, ficha simu, usimfungulie usiyemjua. Siwalaumu.

Sasa twende Wales, nchi ya vilima na kondoo upande wa magharibi wa kisiwa cha Uingereza. Huko vijijini kuna klabu ndogo za gofu zilizokaa ubavuni mwa mlima. Tukisikia gofu tunawaza matajiri, lakini hizi ni kitu kingine kabisa. Nyingi zina mashimo 9 tu. Ukitaka kucheza 18, unazunguka mara mbili. Ukiupiga mpira vibaya unaporomoka wenyewe hadi bondeni, nawe unaufuata huku unahema. Baadhi ya viwanja viko kwenye malisho ya pamoja, kwa hiyo kondoo wanakula nyasi katikati ya wachezaji na hakuna wa kuwafukuza. Wana haki yao pale.

Nilipotembelea klabu moja ya namna hiyo, kilichonigusa ni kisanduku. Ilikuwa siku ya kazi, hakuna mtu mlangoni. Ukutani kulikuwa na bahasha, kalamu na kijisanduku cha chuma chenye tundu. Unaandika jina, unatia pauni zako, unakwenda kucheza. Basi. Ukipita bila kulipa, hakuna atakayejua isipokuwa kondoo.

Kuna atakayesema: hiyo si ukarimu, ni biashara, maana mgeni analipa. Kweli analipa. Lakini bei siyo wanachokupa wenyeji. Wanachokupa ni nafasi ya kuwaibia. Na klabu ya kijijini yenye wanachama wachache inauhisi wizi huo upesi, kwa sababu pesa za bahasha ndizo zinazosaidia kukata nyasi.

Gofu yenyewe imejengwa juu ya jambo hilohilo. Kwa kawaida mchezaji hana refa wa kumfuata. Anajihesabia mipigo na kujiadhibu mwenyewe. Mwaka 1925, kwenye mashindano ya wazi ya Marekani, Bobby Jones alisema mpira wake umesogea alipokuwa akijiandaa kuupiga. Hakuna mwingine aliyeona. Akaongezewa pigo moja, na pigo hilo ndilo lililomnyima ushindi wa moja kwa moja. Akaja kushindwa kwenye mchezo wa marudio. (Huyu Jones aliingia Kanisa Katoliki siku chache kabla ya kufa, 1971. Nimeona niwaambie tu.)

Lakini jamani, tusiusifu mchezo kupita kiasi. Klabu kwa asili yake ni uzio: wapo wa ndani, wapo wa nje. Klabu maarufu ya St Andrews kule Scotland ilianzishwa 1754, na ilipiga kura kukubali wanachama wanawake mwaka 2014. Miaka 260! Watu walewale waliojiadhibu kwa mpira uliosogea kidogo hawakuona shida kumwacha mwanamke nje ya mlango.

Ndiyo maana siwezi kusema kisanduku kinatosha. Kisanduku hakina macho. Hakijui wewe ni mweusi, ni maskini au Kiingereza chako kinakwama. Kinamwamini kila mtu sawasawa, na hilo ni jema, ila hakijamwona mtu yeyote. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 53 ya Kanuni yake, anataka mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe. Halafu katika sura ya 66 anaweka bawabu mlangoni: mzee mwenye busara, aliyekomaa kiasi cha kutozurura ovyo, ili anayebisha hodi akute mtu wa kumwitikia. Kwa hiyo mlango kuwa wazi peke yake hakumridhishi.

Pale kilimani, nilipomaliza kucheza, mama mmoja alikuwa amefungua jengo la klabu. Akasema "Croeso", yaani karibu kwa Kiwelisi, akanimiminia chai, akaniuliza nimetoka wapi na kama kile kilima cha mwisho kimenitesa. Habari ya bahasha hakuigusa.

Nawaachia hili mlijadili kwenye jumuiya zenu: Jumapili akija mgeni ambaye hakuna anayemfahamu, parokiani kwenu nani hukaa mlangoni?