Shamba la Anathothi

Soma kwa ajili ya lesoni ya juma hili: Yer. 32:1–44, Yer. 37:11–21, Mt. 6:25–34, Flp. 1:12–14, 4:6, 7, Ezra 2:23.

Fungu la kukariri: Yeremia 32:27 (lisomwe kwa pamoja darasani).

Tunaposoma Mathayo 6 darasani, mara nyingi mtu mmoja husema polepole, "Hilo ni gumu." Yuko sawa. Mzazi ambaye shule zinafunguliwa Jumatatu na ada haijapatikana hawezi kuambiwa tu awatazame ndege wa angani, kisha darasa likaendelea na swali linalofuata. Mwingine amekuja akiwaza majibu ya vipimo. Mwingine ana kijana aliyemaliza chuo na kazi haionekani. Na sisi Waadventista, juu ya hayo yote, wakati mwingine tunaongeza hofu ya matukio ya siku za mwisho, kana kwamba marejeo ya Bwana ni habari mbaya.

Juma hili tutamtazama mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuiogopa kesho.

Ulikuwa mwaka wa kumi wa mfalme Sedekia. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzunguka Yerusalemu. Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi, kwa kosa la kusema kwamba mji utatwaliwa. Chakula chake ni mkate mmoja kwa siku, nao anaupata maadamu mikate bado ipo mjini (Yer. 37:21). Hapo ndipo anapofika binamu yake Hanameli na kumwambia anunue shamba la ukoo lililoko Anathothi, kwa kuwa haki ya kulikomboa ni yake. Biblia haisemi Hanameli alikuwa na nia gani. Huenda alitaka tu fedha mkononi, kama watu wengi wanavyouza ardhi wakati wa shida.

Anathothi iko kilometa chache tu kaskazini mwa Yerusalemu, lakini mnunuzi yuko kifungoni na mji wake umezingirwa. Mtu wa biashara angecheka. Tena Yeremia alijua kuliko wote kwamba nchi inakwenda, maana yeye mwenyewe alikuwa amehubiri hivyo kwa karibu miaka 40.

Soma Yeremia 32:9–14. Yeremia alichukua hatua zipi, moja baada ya nyingine? Kwa nini Maandiko yametunza mambo madogo hivi?

Fedha zilipimwa kwa mizani, shekeli 17, uzito usiofika robo kilo. Hati ikaandikwa na kutiwa muhuri, mashahidi wakaweka majina yao. Kulikuwa na hati iliyofungwa kwa muhuri na nyingine iliyoachwa wazi. Zote mbili akakabidhiwa Baruku mbele ya watu waliokuwepo, azitie katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Yeyote aliyewahi kununua kiwanja mbele ya mwenyekiti wa kijiji anaufahamu utaratibu huu. Yeremia alitenda kama mtu anayetarajia kwamba siku moja mtu atauliza, "Hati iko wapi?"

Kwa hiyo tusimsome Yesu vibaya katika Mathayo 6:34. Hakukataza kupanda, kuweka akiba wala kulipa bima ya afya. Alikataza ile hali ya moyo kuishi katika siku ambayo haijafika, ukisahau kwamba Baba anajua mahitaji yetu. Wamisionari waliofika Giti, huko Pare, mwaka 1903 walihubiri kwamba Bwana yu karibu. Hata hivyo walianzisha shule. Miaka 30 baada ya lile tazamio la 1844, waumini waliokuwa bado wanamngoja Bwana walifungua chuo kule Battle Creek. Kijana anayeuliza, "Kama Yesu anakuja upesi, nisome miaka minne ya nini?" apewe historia hii, asikemewe.

Soma Yeremia 32:16–25. Ombi la Yeremia linaanzia wapi, nalo linaishia wapi?

Angalia mpangilio: kwanza alilipa, ndipo akaomba. Na ombi lenyewe linatuonyesha kwamba hakuwa ametulia. Anaanza vizuri, na uumbaji wa mbingu na nchi, anapita Misri na nchi ya ahadi, kisha macho yake yanaangukia maboma ya adui yaliyoukaribia ukuta. Kuanzia hapo sauti inabadilika. Mji unatwaliwa, nawe, Bwana, umeniambia ninunue shamba! Ombi linakomea hapo, bila "Amina", kama la mtu aliyeishiwa maneno.

Mahubiri mengine hutuambia kwamba mwenye imani hana wasiwasi. Sura hii haikubaliani nayo. Utii na mashaka vilikaa katika moyo mmoja, siku moja, na Mungu hakumkemea mtumishi wake. Yeremia aliyapeleka mashaka yale mahali pake. Ndivyo Paulo anavyoagiza katika Wafilipi 4:6, 7, akiwa naye mfungwa. Neno alilolitumia kueleza jinsi amani ya Mungu inavyotuhifadhi ni neno la ulinzi wa askari, na yeye aliwaona askari kila siku.

Soma Yeremia 32:26–44. Mungu anamjibu nini kwanza?

Mungu anaanza kwa kumrudishia maneno yake mwenyewe, safari hii kama swali. Halafu anasema jambo ambalo sisi tungependa liondolewe: mji utachomwa moto. Hakumwambia Yeremia kwamba anachokiogopa hakitatokea. Kilitokea, mwaka 586 K.K., na hekalu likateketea. Tunapomtembelea mgonjwa au aliyefukuzwa kazi, tusiahidi kwa niaba ya Mungu jambo ambalo Mungu hakuliahidi. Ahadi ya sura hii iko ng'ambo ya msiba: watu watarudishwa, na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile ile, kwa hati na mashahidi.

Yeremia mwenyewe alichukuliwa mpaka Misri (Yer. 43:5–7). Hatusomi popote kwamba alivuna hata mganda mmoja Anathothi. Lakini fungua Ezra 2, ile orodha ndefu ya majina ambayo wengi wetu huiruka. Fungu la 23 lahesabu watu wa Anathothi waliorudi kutoka uhamishoni: 128.

Maswali ya kujadili:

Je, lipo jambo ambalo umeliahirisha ukisubiri kwanza hofu iishe? Mfano wa Yeremia unakuambia nini kuhusu kusubiri huko?

Mshiriki mmoja amepata kiinua mgongo kidogo. Ndugu zake wanamtaka akigawe, mwenzake kanisani anamwambia asinunue chochote kwa sababu mwisho u karibu, naye usiku halali. Hapendi kuhubiriwa. Darasa lenu litakaa naye vipi juma hili, nani atakwenda, na ataanza kwa kumwuliza nini?