Mzamivu, Ibuka!

Waliochagua neno "uzamivu" kuwa jina la shahada ya tatu walikuwa na bahari kichwani. Mtu anazama mpaka kilindini, anashika kilichoko chini, anarudi nacho juu watu wakione. Ajabu ni kwamba sisi tunaoisoma tumebaki na nusu ya kwanza ya kazi. Mwaka wa kwanza tunazama kwenye machapisho, wa pili kwenye data, wa tatu kwenye madeni ya ada, na ukifika wa tano jirani akiulizwa habari zako anajibu, "Yupo, ila siku hizi haonekani." (Mtaani mzamiaji ni yule aliyeingia harusini bila kadi. Ukifika mwaka wa sita unaanza kujihisi hivyohivyo kwenye korido za idara yako mwenyewe.)

Huyo asiyeonekana ndiye ninayemwandikia. Sitakupa pole, pole umeshapewa za kutosha. Nakwambia hivi: akili unayo, data unayo, na tasnifu yako imekaribia kuliko unavyodhani. Unachofanya ni kujificha.

Najua kwa sababu nimejificha sana. Jengo la idara yetu lilikuwa na ngazi mbili. Za mbele zilipita mlangoni kwa msimamizi wangu, mzee mpole ambaye mlango wake haukufungwa na redio yake ilinong'ona taarifa ya habari tangu asubuhi. Za nyuma zilipanda kando ya vyoo, gizani, katikati ya ndoo za fundi rangi aliyeondoka sijui mwaka gani. Kwa miezi saba nilipanda za nyuma. Sura ya nne nilikuwa nayo kwenye laptopu, kurasa 52, na kila nilipoifungua niliona inakosa kitu kimoja tu. Wiki ikiisha, kile kitu kimoja kilikuwa kimebadilika jina.

Siku moja, mkono ukutani, napapasa ngazi inayofuata, nikagongana na mtu anashuka. Alikuwa yeye.

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba. Kumbe na wewe unapita huku?"

Nikakosa la kusema. Akatazama juu, akatazama chini, akapunguza sauti. "Mimi nadaiwa ripoti na Mkuu wa Idara. Wewe unadaiwa nini?"

Tulicheka mpaka mhudumu wa usafi akachungulia. Kisha mzee akaninyooshea kiganja, kama konda anayedai nauli. Flashi ilikuwa mfukoni mwangu, ilikuwa mfukoni miezi yote ile. Sura ya nne ikaenda kwake siku hiyo, mbichi vilevile, na baada ya siku 11 ikarudi ina wino mwekundu kila ukurasa. Maoni mawili yalinichoma kweli, nikashindwa hata kula. Yaliyobaki yote niliyamaliza kwa siku nne. Nilikuwa nimepoteza miezi saba kukwepa kazi ya wiki moja!

Sasa fanya hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Kukabidhi tasnifu ni kuingia kwenye foleni, na mbele yako kuna foleni nyingine. Kuna taarifa ya kusudio la kuwasilisha, ambayo vyuo vingi huitaka miezi kadhaa kabla. Kuna kuteua watahini, wa ndani na wa nje, na mtahini wa nje ana madarasa yake na tasnifu za watu wengine mezani. Kuna ripoti zao, kuna kupangiwa siku ya utetezi, kuna marekebisho, kuna vikao vya kamati mpaka Seneti. Kwa hiyo sura uliyoilalia wiki mbili haikucheleweshi wiki mbili. Inaweza kukukosesha kikao, kikao kikukoseshe mahafali, na mahafali mengine ni mwakani, pamoja na ada yake. Ukiijua hesabu hii huwezi tena kusema "nitaituma ikikaa sawa." Ikae sawa mezani kwa msimamizi. Ndiyo kazi anayolipwa.

Nilipokuwa nakusanya istilahi za uvuvi Mafia, kwenye kisiwa cha Jibondo, nilikaa na mzee mmoja aliyewahi kuzamia kwa pumzi zake tu, bila mtungi. Nikamuuliza anajuaje kwamba sasa ni wakati wa kupanda. Ni kifua kikianza kuwaka? Akanitazama kwa huruma. Kifua kikiwaka, akasema, umeshachelewa. Pumzi unaigawa kabla hujaingia majini, na ile ya kurudia huigusi hata ukimwona jongoo bahari mkubwa kiasi gani mbele yako. Nikayaandika maneno yake kwenye daftari kuwa mfano wa matumizi ya kitenzi. Ilinichukua miaka mitatu kung'amua kwamba nilikuwa nimeshauriwa.

Pumzi yako ya kurudia ni ipi? Ni fedha ya kuchapisha na kujalidi nakala, ni afya ya mgongo na macho, ni uvumilivu wa mwenzako nyumbani, ambao una mwisho ingawa hausemi. Ukiona jongoo mwingine mbele, yaani nadharia mpya tamu au kitabu kilichotoka juzi, mwache. Atakuwepo. Weka tarehe ya kuacha kusoma machapisho mapya, iandike kwenye karatasi, ibandike ukutani, na siku hiyo ikifika acha kweli.

Kisha andika. Saa kumi na moja alfajiri, kabla mtoto hajaamka na kabla grupu la kamati ya harusi halijaanza kukumbushana michango. Zima data, bando lako litapumzika nalo. Usipange marejeo saa hiyo, usibadilishe fonti, usisome tena sura ya pili ukijisifia. Andika mpaka saa moja, kisha nenda kapande daladala kama watu wengine. Umeme ukikatika una kalamu. Mtoto akiamka na homa, siku hiyo andika aya moja ukiwa kwenye benchi la zahanati. Nilishaandika hitimisho la sehemu nzima nyuma ya kadi ya kliniki, na hakuna mtahini aliyejua.

Ndugu nao usiwakimbie. Mama mdogo wangu alikuwa akipiga simu kila Jumapili: "Hivi mwanangu, hiyo shule haiishi?" Nikawa sipokei. Siku niliyopokea nikamwambia ukweli ulio na tarehe: "Niko sura ya tano mama, mwezi wa nane namkabidhi mwalimu." Kuanzia hapo akawa hasalimii, anauliza "Umefika ukurasa wa ngapi?" kwa sauti ya mweka hazina wa kikoba anayemfuata mwenye deni. Sijawahi kuwa na msimamizi mkali kama yule mama wa darasa la saba.

Nije kwenye kazi, kwa sababu huku ndiko watu wanakojificha zaidi. Tangazo limetoka, rafiki amekutumia, na wewe umejibu "sijamaliza." Hebu lisome tangazo lenyewe. Kwa vyuo vya umma Tanzania nafasi nyingi hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na ngazi ya Mhadhiri Msaidizi inadai shahada ya uzamili, ambayo unayo tangu zamani. Mhadhiri ndiye anayedaiwa uzamivu. Matangazo hayo pia kwa kawaida hutaka mwombaji asiyezidi miaka 45, isipokuwa aliyeko tayari kwenye utumishi wa umma, na ukianza kuhesabu ukiwa na 43 utaona kwa nini nasema pumzi inagawanywa mapema. Na ndiyo, GPA ya shahada ya kwanza bado inaulizwa, ile uliyoipata ukiwa na miaka 23 na mapenzi kichwani. Mimi naona ni kipimo cha ajabu kwa mtu aliyetetea tasnifu, na nitaendelea kusema hivyo. Lakini kulalamika kwangu hakujazi fomu. Kama GPA yako inakubana huku, chuo binafsi, taasisi ya utafiti au nchi jirani wana masharti yao, nenda kayasome badala ya kuyakisia.

Makaratasi yaandae leo, si siku tatu kabla dirisha halijafungwa. Kama ulisoma nje, vyeti vyako vinahitaji kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, na hiyo nayo ni foleni. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi na cha kidato cha nne kinasema Mwanahamis, nenda kwa wakili kabla mtu mwingine hajaiona hiyo "i". Waombe wadhamini wako watatu ruhusa kwa simu, na uwakumbushe unafanya utafiti gani. Profesa mwenye wanafunzi wengi anaweza kukusifia kwa tasnifu ya mwenzako.

Unahofia kukataliwa? Nikupe mkasa ulio kwenye rekodi. Januari 1966 Wangari Maathai alirudi Nairobi kutoka Marekani akiwa na barua ya ajira: msaidizi wa utafiti kwa profesa wa zoolojia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi. Alikwenda kuripoti kazini, akaambiwa nafasi amepewa mtu mwingine. Barua anayo mkononi, kazi hana. Mwenyewe aliamini kabila na jinsia vilihusika. Mtu angeweza kurudi nyumbani Nyeri akajifungia na barua yake, na nani angemlaumu? Yeye aliendelea kuzunguka kutafuta, mpaka akakutana na Reinhold Hofmann, profesa Mjerumani kutoka Giessen aliyekuwa anaanzisha idara ya anatomia ya mifugo. Haikuwa idara aliyoitarajia. Aliingia. Mwaka 1967 alikwenda Ujerumani kuendelea na utafiti, akasoma Giessen na Munich, mwaka 1969 akarudi Nairobi kufundisha huku akiandika. Mwaka 1971 akatunukiwa uzamivu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati, akiwa na mtoto mdogo na mimba ya pili. Tasnifu ilihusu ukuaji wa tezi za uzazi za ng'ombe. Watu wanamkumbuka kwa miti na kwa Nobeli ya 2004. Mimi namkumbuka siku ile anatoka kwenye mlango uliofungwa na kwenda kutafuta mwingine, kwenye fani ya pembeni.

Kwa hiyo zungukia milango ya jirani. Una uzamivu wa isimu? Watu wa elimu wanahitaji mtu wa lugha, wa habari pia, na vyuo vya nje vinavyofundisha Kiswahili vinatafuta walimu. Una takwimu? Hakuna kitivo kisichokuhitaji. Omba vipindi vya muda, hata kama malipo yake huja kwa mwendo wa kobe, kwa sababu siku ya usaili hawatakuomba usome tasnifu. Watakuomba ufundishe.

Hapo ndipo nilipoanguka mara yangu ya kwanza. Nilisafiri kwa basi usiku kucha kwenda usaili wa chuo kimoja cha mkoani, nikafika macho mekundu, slaidi 24 za kupendeza kwenye flashi. Projekta ikagoma. Nikabaki nimesimama nasubiri fundi, naomba radhi, nasubiri tena, dakika zangu zikaisha. Aliyefuata alikuwa kijana mwembamba, shati limelowa jasho. Hakuigusa hata ile waya. Alichukua chaki, akachora mti mmoja wa sentensi ubaoni, akageuka, akamuuliza mjumbe wa jopo swali kana kwamba ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mjumbe akajibu akitabasamu. Nikajua palepale kazi ni yake.

Nilimsubiri nje, nikampongeza, nikamwomba namba ya simu. Tukala chipsi mayai stendi tukisubiri mabasi yetu. Mwaka na nusu baadaye ndiye aliyenitumia tangazo la nafasi ninayofanyia kazi leo, na ujumbe mfupi chini yake: "Dada, beba chaki."

Basi, haya. Unaposoma hapa simu iko mkononi mwako. Fungua jina la msimamizi wako, lile unalolipita haraka kila unapolikuta kwenye orodha. Andika: "Shikamoo Profesa. Kesho saa nne nakuletea sura ya nne ilivyo, naomba maoni yako." Usieleze ulikuwa wapi, usiombe radhi aya tatu, usisingizie laptopu. Tuma. Alama mbili za bluu zikitokea, usikae kuzitazama, kaoge ulale.

Kesho panda ngazi za mbele. Redio yake utaisikia kabla hujafika mlangoni.