Barua ya Miaka Sabini

Wakristo wengi wameukariri mstari wa Yeremia 29:11, ule unaosema kwamba Mungu anawawazia watu wake mema na kuwapa tumaini. Huandikwa kwenye kadi za harusi na za kutakiana heri ya mitihani. Husomwa kwa kijana aliyekosa kazi. Swali langu ni hili: je, ni haki kumpa mtu mstari huo bila kumpa barua nzima?

Maana ile ni barua. Yeremia aliiandika Yerusalemu, akawapelekea Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli na Nebukadneza mwaka 597 kabla ya Kristo. Aliwaambia wajenge nyumba, walime bustani, waoe na kuoza, tena wauombee amani mji uliowateka. Kwa nini? Mstari wa 10 unataja miaka sabini. Mtu mzima aliyesomewa barua hiyo alijua kwamba atazikwa ugenini. Tumaini lilikuwapo, lakini wajukuu ndio wangeliona.

Sasa turudi nyuma sura moja. Nabii Hanania alitangaza hekaluni, mbele ya watu wote, kwamba nira ya Babeli itavunjwa katika miaka miwili. Maneno yake yalikuwa matamu kuliko ya Yeremia, ila hayakuwa kweli. Basi tunapoushika mstari wa 11 na kuuacha wa 10, tunamsomea mwenzetu maneno ya Yeremia huku tukimpa ahadi ya Hanania.

Ndiyo maana naona kwamba kuyachunguza Maandiko si kazi ya wachungaji na makatekista peke yao. Ni wajibu wetu kwa jirani. Mama anayeuguza mtoto kwa miaka mingi akiambiwa kwamba shida itakwisha upesi, nayo isikwishe, ataanza kujilaumu kuwa imani yake ni haba.

Wapo watakaosema kwamba hata mstari mmoja umewafariji wengi. Sikatai. Lakini barua nzima ina faraja kubwa zaidi: inamruhusu mtu kupanda bustani palepale penye shida yake, bila kuona aibu kwamba bado yuko hapo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kumpa mtu mstari, uliza kwanza nani aliandika, aliwaandikia akina nani, na alitangulia kusema nini. Namba za mistari ziliwekwa karne nyingi baada ya Yeremia, ili tupate mahali upesi. Hazikuwekwa ili tuishie hapo kusoma.