Shati la Soo Mbili

Mimi ni bahili wa nguo, sikatai. Shati langu la kazi nililitoa Gikomba kwa soo mbili na nimelivaa kama mara mia moja hivi. Yaani, kila siku ya kulivaa imenigharimu shilingi mbili. Mtu akinunua la elfu nne dukani, alivae kwa harusi mbili kisha alitundike, amelipa elfu mbili kwa siku.

Hesabu hiyo ni sawa, ila kuna kitu haikipimi: aibu. Mwaka 1776, katika The Wealth of Nations, Adam Smith alijiuliza ni vitu gani tuviite vya lazima. Akatoa mfano wa shati la kitani. Wagiriki na Warumi wa kale waliishi vizuri bila kitani, lakini katika Ulaya ya siku zake hata kibarua angeona haya kutoka hadharani bila shati hilo. Basi akalihesabu kuwa la lazima.

Hapa Nairobi, tajiri akivaa fulana iliyotoboka tunasema hana makuu. Kijana wa mjengo akiingia na fulana hiyo hiyo kwenye jengo la ofisi Upper Hill, soja anamuuliza anamtafuta nani. Tunasema nguo ni stara, na kumsitiri mtu ni kumfunika mwili na pia kumkinga na aibu. Anayejulikana anasitiriwa na jina lake. Asiyejulikana ana nguo tu.

Kwa hivyo simcheki anayetumia pesa za vibarua vya wiki nzima kununua suti ya intaviu. Ananunua nafasi ya kusikilizwa, kitu ambacho mimi tayari ninacho kwa sababu kazini wananijua.

Lakini sisi tunaojulikana tukianza kushindana kwa mashati ya elfu nne, tunapandisha bei ya stara. Karani mpya atajiona uchi akiwa amevaa vizuri kabisa, na atakopa ili atufikie.

Ndiyo maana bado navaa la Gikomba, safi, limepigwa pasi. Kuokoa pesa ni jambo dogo hapo. Nataka anayeingia kesho na shati kama langu asalimiwe kama mimi. Asiposalimiwa, basi ubahili wangu ni starehe ya mtu ambaye tayari ana jina.