Mechi Haijaisha

Mwanangu akiambiwa "zima hiyo gemu," hujibu, "Baba, mechi haijaisha." Kwa muda mrefu nilidhani ni ujeuri tu. Juzi nikaketi naye mkekani, nikashika pedi iliyolowa jasho, alama ya kitufe cha kupigia shuti imefutika kabisa. Akanifunga saba bila.

Ndipo nikaelewa. Mechi ya mtandaoni haisimamishwi: ina vipindi viwili vya dakika sita sita, na ukizima katikati umeshafungwa. Kumbe nilikuwa namtoa uwanjani kama mama alivyokuwa akiniita kuchota maji, timu yetu ikiongoza. Siku hizi namwambia, "Hiyo ndiyo ya mwisho." Huzima. (Ijumaa tusiizungumzie.)

Uchina, mwaka 2021, serikali iliwaruhusu walio chini ya miaka 18 kucheza gemu za mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya maradhi, lakini kwa yule ambaye maisha yake yamevurugika, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Kuchelewa kuja mezani wali ukiwa bado wa moto hakumo.

Kesho tuna marudiano. Ameniambia nikajifunze kwanza kukaba.